Vipimo vya Kamba

Tangu ugonjwa uingie mjini, Fundi alikuwa hakaliki. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda dirishani, akifika dirishani anasahau alichofuata. Mlango wa mbele, ambao zamani wateja waliusukuma bila hata hodi, sasa ulikuwa na komeo juu na komeo chini, na kwenye kitasa alikuwa amefunga kitambaa chekundu ili mkono ukumbuke pale kichwa kitakaposahau. Hakuwa akijiogopea yeye. Chumba cha nyuma alilala mama yake mwenye pumu, na daktari hakuzungusha maneno: ugonjwa huu ukimpata mama, kifua chake hakitauweza.

Kazi nayo ilikatika. Sherehe zimesimamishwa, shule zimefungwa, nani atashonesha nguo ya kukalia ndani? Lakini mama asiposikia cherehani alikuwa hali chakula, akiuliza kila saa, "Wateja vipi?" Kwa hiyo Fundi alichomoa uzi, akakaa, akawa anapiga pedeli sindano ikidunga hewa, asubuhi mpaka mchana, macho yako barabarani. Mama akala. Fundi mwenyewe sahani yake ilirudi jikoni imejaa.

Aliyekuwa akimchekesha ni jirani yake Msusi, aliyeishi peke yake na saluni yake imefungwa kwa amri. Alikaa kizingitini kwake siku nzima, vidole vinamwasha. Alikuwa ameshasuka nyuzi za mkeka, kamba ya pazia, na mkia wa ufagio.

"Wewe una nafuu," alisema kutoka kule kule. "Mteja anakuachia kitambaa anaondoka. Mimi nani ataniachia kichwa?"

Neno hilo lilimwingia Fundi. Kweli, kitambaa kinaweza kuachwa. Shida ni vipimo, maana kumpima mtu ni kumkumbatia. Akachukua bunda la kamba nyembamba ya pamba, akaanza kuikata vipande virefu na kuvipitisha kwenye nondo za dirisha. Mteja anajipima nyumbani kwake: fundo la kwanza bega, la pili kifua, kisha kiuno, nyonga na urefu. Anarudisha kamba, Fundi anaianika juani siku tatu ndipo aiguse. Wakaja wawili, wakaja watatu, nguo zikakaa sawasawa. Uzi ukarudi kwenye sindano kwa siku chache, kisha wateja wakakauka tena.

Ndipo akaja Nesi, barakoa usoni, na vitambaa vya magauni manne ya kazini, lake na ya wenzake watatu. Kamba nne alizozichukua wiki iliyopita, zimeshafungwa mafundo, aliziweka dirishani, kila moja na alama yake, akasema anazitaka nguo baada ya siku tano.

Alipoondoka, Msusi akaguna. "Hao ndio wanaolala na kuamka na wagonjwa, jirani. Kaa chonjo."

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Aliziokota kamba kwa koleo la mkaa. Jua aliliona halitoshi, na siku tatu za kusubiri hakuwa nazo. Vitambaa akavifua kwa maji moto na sabuni, kamba akazitia kwenye sufuria kuukuu akazichemsha mpaka maji yakawa meupe. Zilipokauka, akapima, akakata, akashona mfululizo. Kila mama alipokohoa, mguu wake uliganda juu ya pedeli. Kikohozi cha zamani au kipya? Akasikiliza. Cha zamani. Akaendelea.

Magauni yaliondoka siku ya tano asubuhi. Mchana Nesi alikuwa amerudi dirishani na furushi lile lile.

"Fundi, mimi nimekukosea nini?"

"Kwa nini, dada?"

"Nimenyoosha mkono nimtundikie mgonjwa dripu, mgongo ukapasuka mpaka kiunoni. Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kukaa, lakini ya kucheka aliipata. Wenzangu wanauliza kama uliwashonea watoto wao."

"Nimepima mara tatu."

"Basi nipime ya nne, kwa mkono wako. Fungua mlango, dakika tano tu. Huwezi, nitampelekea fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule hafungi mlango."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo moja. Ikivuka barabara, haitarudi, na maneno yatatangulia kuwa Fundi siku hizi kichwa hakipo. Mkono wake ukapanda kwenye komeo la juu, ukalivuta. Ukashuka kwenye la chini. Ukagusa kitambaa chekundu, ukasimama hapo.

"Wewe mtoto," mama akaita kutoka chumba cha nyuma. "Hizo kamba ulizifanyaje?"

"Nilizichemsha, mama. Niliogopa."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatulia. "Kitambaa kipya cha pamba, kabla hujakikata, nilikufundisha nini?"

"Nikiloweke kwanza, kinywee kabisa."

"Na kamba ni ya nini?"

Fundi akalirudisha komeo la juu, akaegemea mlango. Kitambaa alikikumbuka. Kamba, nayo ya pamba, hakuiwazia kabisa. Alikuwa amepika vipimo vya watu wanne.

Akamweleza Nesi pale pale dirishani, bila kujitetea. Akakata kamba mpya, urefu wa mkono wake kamili, akaichemsha, akaiopoa na kuipasi ikauke. Ilipungua vidole viwili. Hesabu ikawa imepatikana, na kila mshono, kama mama alivyomzoeza, ulikuwa umebakizwa vidole viwili vya kupanulia ndani.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema. "Lililopasuka nitalitia kipande mgongoni."

Nesi alimtazama, akatazama makomeo. "Nani yuko huko ndani?"

"Mama yangu. Ana pumu."

"Ungeniambia mapema nisingesema ufungue." Akaliacha furushi chini ya dirisha, akarudi nyuma hatua mbili. "Kesho asubuhi."

Lakini kufumua magauni manne na kuyashona upya, mkono mmoja haukutosha. Msusi alikuwa ameshasimama.

"Yafue, nirushie. Kufumua nimefanya tangu nina miaka kumi. Na haya hayalii wala hayasemi naumiza."

Akakaa kizingitini, wembe mkononi, nyuzi zikimwagika miguuni. Walikubaliana malipo ya gauni moja ni yake, wala hawakubishana.

Fundi akatunga uzi, akaanza. Alikuwa amefika mshono wa tatu mama alipoita tena.

"Cherehani leo inashona."

"Kila siku inashona, mama."

"Siku nyingi inakimbia tu. Yenye uzi sauti yake nzito. Ulidhani mimi kiziwi?"

Mguu wa Fundi ukaganda juu ya pedeli, masikio yakaelekea chumba cha nyuma kama kawaida yake.

"Endelea," mama akasema. "Nikikohoa vibaya nitakuita mwenyewe. Na ule, wewe mtoto. Sahani yako nayo naisikia."