Shati la Mtoto wa Fundi

Tulimwacha Mama kibarazani apumzike, maana miguu yake siku hizi haitaki ngazi, nami nikatangulia ndani kuona mdogo wangu ameifanya nini nyumba tuliyokulia. Sasa eti ni makumbusho. Mdogo wangu ndiye yule mfadhili mnayemwona magazetini, anajenga shule na visima, na kwa hayo simsemi. Mkono wake si wa birika.

Sebuleni wageni walikuwa wamelizunguka kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na shati jeupe la mtoto, limechanika kuanzia begani hadi mbavuni.

"Hili ndilo shati alilokwenda nalo shule," msichana anayetembeza wageni akawaambia. "Mama yake hakuwa na hata sindano ya kulishonea."

Masikio yalinichemka. Mama yetu, hana sindano? Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na nusu ya mtaa ilivaa kazi ya mikono yake. Kila asubuhi alitukagua mlangoni, na mwenye kifungo kilicholegea hatoki mpaka kishonwe. Kulala njaa tulilala mara mojamoja, sikatai. Lakini kutoka tumechanika, ng'o.

Nikasogea karibu na kioo. Mshono wa kola ulikuwa wa Mama, hilo halina ubishi. Na ule mpasuko ulinyooka mno, ulikuwa umepitiwa na mkasi.

Nikamvuta mdogo wangu pembeni, na suti yake na tai yake.

"Nani kakata shati la Mama?"

"Dada, taratibu, wageni wanasikia."

"Wasikie. Nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Watu hawamchangii mtoto mwenye shati zima, dada. Hadithi hii inasomesha watoto wa watu. Wewe ndiye mwenye akili kwetu, najua utanielewa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama yuko hapo nje, ataingia sasa hivi akute ametangazwa mama wa matambara. Fungua kabati."

"Haiwezekani, dada."

"Basi nalivunja."

Ananijua. Akatoa ufunguo.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," yule msichana akanisihi.

"Mwanangu, shati hili nimelifua mimi kabla mama yako hajaolewa."

Wageni wakacheka. Nikalitoa shati, nikakaa juu ya kitanda chetu cha zamani kilichozungushiwa kamba, nikatoa sindano na nyuzi mkobani, kwa sababu mtoto wa fundi hatembei bila sindano. Nilishona kwa hasira, mshono ukapinda kidogo. Sikuufumua.

Nilikuwa nakata uzi kwa meno Mama alipoingia na mkongojo wake, analalamika kwamba tumemsahau nje kama mzigo. Akaliona shati mapajani mwangu, akalichukua, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Uzi mweupe umekuishia?"

"Upo, Mama. Nimetaka mwekundu ili uonekane."

Akakigeuza kitambaa ndani nje, akaona palipopita mkasi. Kisha akamtazama mwanawe.

"Baba," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu ananyonya, "lini ulitoka mlangoni kwangu umechanika?"

Mdogo wangu, anayehutubia kumbi zikajaa, akajibu kwa sauti ya chini.

"Sijawahi, Mama."

"Hilo umeniambia mimi, na mimi nalijua." Akaisukuma kamba kwa mkongojo, akaketi kwenye kiti chenye kibao cha kukataza watu kukikalia, shati akalitandaza magotini, mshono mwekundu juu. "Haya, waambie wageni. Nasikiliza."