Katikati ya Barabara

Suzana alikuwa anajaza debe la tatu la kokoto gari la barabara liliposimama mbele ya nyumba yake, Buzuruga. Alikuwa na furaha asubuhi ile. Tangu mwaka huo wa tisini na sita uanze, kila kilima kilikuwa na mtu anayejenga, na kokoto zake hazikuwa zinalala.

Akashuka Venant, mpima wa barabara, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Nyuma yake kibarua wake, Mihayo, na kopo la rangi nyekundu. Wakavuta utepe kutoka katikati ya lami hadi ukutani: mita ishirini. Zilitakiwa ishirini na mbili na nusu. Basi Mihayo akachora X chini ya dirisha. Venant akaeleza, bila ukali, kwamba barabara ya mzunguko inapanuliwa yote: inatoka hapa, inapanda vilima vya Ilemela, inashuka ziwani, inarudi mjini. Tingatinga Jumatatu. Fidia hakuna, maana nyumba ndiyo iliyoifuata barabara.

Suzana akaweka chini nyundo yake ya kuvunjia mawe.

"Kitendawili, mwanangu."

"Tega."

"Nyoka wangu kauzunguka mji, kila mwaka ananenepa, na hali kitu."

"Barabara," Venant akacheka. "Ila huyu anakula, mama. Leo kafika kwako."

"Kafika kwa sababu kapinda."

Akawasimulia. Mwaka sabini na tisa, barabara ilipokatwa, yeye alibeba mchanga wa kalvati hili la kupitishia maji lililo mbele ya nyumba. Njia ilitakiwa ipasue jabali la hapo mbele. Baruti ikaisha, msimamizi akaipindisha lami huku, akasema watainyoosha baruti ikija. Haikuja. Lakini kalvati lilikuwa limeshalazwa: mabomba kumi na manne ya mita moja moja, saba kila upande wa katikati.

Mdomo mmoja wa kalvati ulikuwa unagusa lami. Wa pili waliutafuta mbali, kwenye majani ya ng'ambo. Mihayo akaingia ameinama, akatokea upande wa pili na utando wa buibui kichwani.

"Kumi na manne, bosi."

Venant akahesabu mita saba kutoka mdomo ule wa mbali, akasimama pale. Alikuwa mita nne kutoka katikati ya lami. Akavuta utepe upya, mita ishirini na mbili na nusu, ukakomea hatua mbili kabla ya ukuta. Akaukunja utepe.

"Mama una haki. Nitaiandikia ofisi."

"Watajibu lini?"

"Kwa uzoefu wangu, si kabla ya Jumatatu."

"Basi futa hiyo X."

"Nimepewa rangi ya kuchora. Ya kufutia sikupewa."

Suzana akanyoosha mkono kwa Mihayo. Mihayo akamtazama bosi wake. Bosi akageuka kuangalia jabali. Basi Mihayo akampa Suzana brashi na kopo. Suzana akaandika polepole, kwa herufi kubwa za darasa la nne, chini ya X, ukuta mzima: KATIKATI YA BALABALA SI HAPO. HESABUNI MABOMBA.

Mihayo akasoma, akajikuna kichwa.

"Mama, ni barabara. Umekosea herufi."

"Mimi nimekosea herufi," Suzana akasema, akimrudishia kopo. "Ninyi mmekosea mita nne."