Injini Isiyojua Kunyamaza

Mama Pacha, mkuu wa chumba cha operesheni, alikuwa amewabembeleza wakubwa mpaka koo likamkauka: ziunganisheni manowari zote kwa mtandao mmoja, kila meli ione anachokiona mwenzake. Hatimaye Kamanda, mzee asiyeamini kioo chochote isipokuwa cha darubini, akampa zoezi moja tu. Meli ya "adui" ikipatikana kabla ya chakula cha mchana, mtandao utawekwa kote. Isipopatikana, skrini zing'olewe.

Na adui mwenyewe nani? Nahodha Baba Pacha, mumewe wa ndoa, aliyetoka nyumbani akipiga mluzi.

"Leo utanitafuta mpaka uchoke, mke wangu," alimtania huku akifunga viatu.

Jamaa hakuwa mjinga. Alizima rada, akazima redio, akajibanza katikati ya meli za mizigo zilizotia nanga, katulia kama maji ya mtungini. Skrini zikabaki tupu, na Kamanda akaanza kutazama saa kwa raha zake.

Ndipo Mama Pacha akakumbuka karakana. Injini mpya za manowari hutuma zenyewe taarifa za joto lake na mahali zilipo kwa mafundi wa nchi kavu, wajue mapema kipi kinaelekea kuharibika. Akazivuta taarifa hizo kwenye skrini yake. Nukta ikawaka katikati ya meli za mizigo. Nahodha alikuwa ameziba midomo yote melini, kumbe injini inapiga soga na mafundi!

Chumba kizima kikashangilia. Kamanda akampa mkono. "Nimesalimu amri, binti yangu. Kesho tunauweka mtandao kwenye meli zote."

Mama Pacha alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Taarifa zile zilipita hewani waziwazi. Karakana hakuna aliyewahi kuona haja ya kuzificha. Antena ya yeyote ingezinasa. Aliitazama ile nukta, mumewe na vijana wake wamo ndani, akaingiwa na hofu.

"Usiuweke bado, Mkuu. Mtandao huu utazifanya meli zote zipige soga hewani namna hii. Leo nimempata mimi. Vitani angempata mwingine kwa njia hiihii."

"Mimi nastaafu mwezi ujao," Kamanda akamwonya. "Anayekuja hata simu ya mkononi haitaki. Hutaipata tena nafasi hii."

"Najua, Mkuu."

Redio ikakoroma. Zoezi lilikuwa limekwisha, na Baba Pacha alikuwa amenuna. "We mwanamke, umenipataje?"

"Zima mtambo unaozungumza na karakana. Zima sasa hivi, Baba Pacha, tafadhali."

Nukta ikatoweka. Mama Pacha akashusha pumzi.