Matairi ya Mbele Yalipogoma

Shemeji hakumkaribisha. Alimwonyesha Fundi kibanda cha mashine kwa kidevu, kisha akasimama mlangoni akiziba mwanga makusudi.

Ndani ilikuwamo pikipiki ya magurudumu manne waliyokuwa wakipandishia majani ya ng'ombe. Wiki iliyopita, katikati ya mlima, matairi ya mbele yaligoma kuvuta. Pikipiki ikarudi kinyumenyume na mzigo wake, ikapinduka, ikamvunja mkono dada yake Fundi, ambaye ndiye mke wa huyu aliyenuna mlangoni. Na kwa kuwa Fundi ndiye aliyeibadilisha swichi ya kuyaunganisha matairi hayo na injini kabla ya mvua kuanza, Shemeji alikwisha kuupigia simu ukoo mzima, tangu mama mkwe hadi mabinamu wasiomjua, kuwaambia kwamba mwanamke wa spana kamvunja dada yake mwenyewe. Si bure majirani walimwita Shemeji huyo Radi.

"Nimekuja kwa ajili ya dada," Fundi alisema. "Si kwa ajili yako."

"Mikono yako ndiyo iliyomvunja. Leo utakiri mbele yake."

Fundi alichuchumaa kando ya pikipiki. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza: je, kama ni kweli?

Alianza na swichi yake, akiomba kimoyomoyo. Ilikuwa nzima. Fyuzi nayo ilikuwa nzima. Akaufuata waya hadi mbele, kwenye koili, ile sumaku ya umeme inayoyashika matairi yavute, akaichomoa soketi na kugusa kwa taa ya kupimia. Taa ikawaka. Umeme ulikuwa unafika. Radi akacheka puani, akasema hata taa ya chooni kwake inawaka, na choo hakijapanda mlima.

Fundi akahamisha kibanio cha taa kutoka kwenye betri akakishikiza kwenye waya wa kurudishia umeme, ule unaofungwa kwenye chuma cha fremu. Taa ikazimika. Umeme ulikuja vizuri, ila haukuwa na pa kurudi. Aliufuata waya ule kwa kidole mpaka kwenye nati yake, akaifungua. Chini yake palikuwa na rangi mpya ya kijani, nene kama uji. Waya ulikuwa umefungwa juu ya rangi badala ya chuma.

Radi alisogea, akaona. "Nani kaipaka?"

Fundi aliitambua rangi ile. Ilikuwa ya mlango wa banda la kuku. Akaigusa kwa ukucha.

"Niliipaka mimi," dada alisema nyuma yao. Alikuwa amesimama nje, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. "Ulisema kutu ya pikipiki hii inakutia aibu mbele ya wenzako. Ukasema na mke mwenyewe ni kama hiyo kutu. Basi nikafungua kila kilichofunguka, nikapaka, nikarudishia."

Fundi alitegemea Radi ataona haya. Kumbe hakumjua.

"Kwa hiyo ulijivunja mwenyewe," Radi alimwambia mkewe, na uso ukamnawiri kama mtu aliyeshinda kesi.

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Alisimama na spana mkononi, na Radi akarudi nyuma hatua moja.

"Toa simu," Fundi akasema. "Anza na mama."

"Hapa ni kwangu, shemeji."

"Piga," dada akasema. Hakupaza sauti.

Radi alipiga. Alimwambia mama mkwe kwamba lilikuwa jambo la rangi tu, akakata kabla hajaulizwa rangi gani. Wengine hakuwapigia, wala hakuomba radhi.

Fundi aliikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaukaza waya, akabonyeza swichi. Huko mbele koili ikalia tik. Akaiwasha pikipiki, akaipandisha kilimani na kuishusha. Matairi yote manne yalikuwa yakiuma udongo.

Aliporudi, alimkuta dada kizingitini na mkoba begani.

"Nitakaa kwako mpaka mfupa uunge," dada alisema. "Baada ya hapo nitaona."

Radi akauliza nani atakata majani, nani atakamua. Mkewe akamwambia pikipiki imepona, na mikono yake yeye yote miwili ni mizima. Fundi alichukua mkoba, wakaondoka. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wameanza kulia njaa, naye Radi akiwafokea wanyamaze.