Mkwe Aliyegeuka

Honi ililia kabla sijafumbua macho. Ikalia tena, ndefu, ya hasira, hadi majirani wetu wa Kamwokya, hapa Kampala, wakaanza kutukana. Niliijua honi ile. Ilikuwa ya gari langu la kubebea spika, nami nilikuwa bado kitandani.

Nilitoka na shati mkononi. Nerima, mke wangu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Spika zangu zote alikuwa ameziteremsha barazani kama mizigo ya mtu aliyefukuzwa nyumba.

"Mama anakohoa damu," alisema. "Ingia, Sifuna, au nakuacha."

Mama yake alikuwa ametoka Bungoma kuja kumtembelea dada yake upande huu wa Uganda, juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na wenye magari ya kukodi walikataa kupanda. Hospitali iko chini, Mbale.

"Sogea niendeshe," nikamwambia. "Wewe umejifunzia udereva Makindye."

"Makindye nako ni mlima."

"Kilima chenye lami, mama wee. Sogea."

Akasogea. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi ndipo nikaliuliza lile lililokuwa likinisumbua. "Na kushuka? Nani atamwendesha?"

Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, sembuse gari moja. Tangu nimwoe Nerima sijawahi kuuona uso wa mama yake. Nikisikia anakuja, naingia hata kichakani. Nimekulia Kampala, nabishana na askari, nabishana na wachungaji, lakini hilo sijawahi kulibishia.

"Atajifunika leso usoni," Nerima alisema, akitazama nje.

Baada ya Mbale barabara iligeuka tope jekundu. Tulipanda kati ya migomba, mawingu yakibaki chini yetu, hadi uani kwa mama mdogo wa Nerima. Mgonjwa alipotolewa nje nilibaki kwenye usukani, nimeinamisha uso. Nilisikia sauti nyembamba, lakini imara.

"Mwambie mkwe wangu asante kwa kuja. Sasa ashuke."

"Mama, utakufa!" Nerima alilia.

"Nitakufa na heshima yangu. Wewe si una leseni? Au uliinunua?"

Mama mdogo akacheka, kisha akajifuta macho.

Ningeweza kubishana. Badala yake nilijiona mkubwa, mkwe anayeheshimiwa hata na mtu anayekufa. Nikashuka bila kugeuza shingo. "Nitatangulia kwa miguu," nilimwambia Nerima. "Fuata mikono yangu."

Ndivyo tulivyoushuka mlima: mimi mbele, mgongo kwa gari, nikipunga mkono huu au ule. Gari nililiendesha kwa masikio.

"Gia ya kwanza! Usikanyage breki!"

"Usinipigie kelele!"

"Naupigia kelele mlima!"

Nyuma yangu nilisikia injini, sala za Nerima, na kikohozi cha mama yake. Kwenye kona moja kali kikohozi kikanyamaza. Kisha nikasikia tope likiachia tairi, na Nerima akaita jina langu.

Nikageuka.

Gari lilikuwa limekaa mshazari, tairi moja ya nyuma imeanza kuacha barabara, na chini yake ni bonde tupu. Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo mwanamke mdogo wa mwili kuliko nilivyomdhania, leso mdomoni, imelowa damu. Macho yake yalikuwa ya Nerima, nayo yalikuwa yananitazama.

Nilifungua mlango wa dereva. Nerima akahamia kiti cha pili. Nilikanyaga mafuta kidogo kidogo hadi tairi za mbele zikauma mawe na gari likapanda barabarani.

"Umeniona," sauti ilisema nyuma.

"Nimekuona, mama."

"Sasa nitarudi kwetu na uso gani?"

Akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha maumivu. Nerima alimshika mkono kupitia katikati ya viti, akanitazama kana kwamba nimempiga mama yake. Ningeweza hata sasa kukigeuza kioo cha ndani, kilichonionyesha uso wake, kielekee juu. Nilikiacha kilivyo, maana nilitaka kumwona akipumua, na pumzi zake zilikuwa zinazidi kuachana.

"Mama," nilisema kwa sauti, "nikikufikisha Mbale nitakwenda Bungoma mwenyewe, nisimame mbele ya wazee. Nitawaambia mimi ndiye niliyegeuka, na kwamba wewe hukunitazama hata kidogo. Aibu yote nitaibeba mimi. Wewe pumua tu, mama. Nitasema hivyo, naapa."