Meno ya Mwalimu Methusela

Kinywa cha Mwalimu Methusela kilifika Kizota Jumatatu asubuhi, kimefungwa kwa gazeti kuukuu ndani ya boksi la viatu. Kilikuwa kinywa cha plasta nyeupe, taya ya juu na ya chini, fizi tupu zimelala kama matuta ya shamba lililokwisha kuvunwa. Emiliana, fundi wa meno ya bandia, alikipokea kama alivyopokea vinywa vingine vyote vilivyoletwa kutoka kliniki ya Daktari Obedi. Akakipuliza vumbi, kisha akaisoma karatasi iliyobandikwa: Methusela Chiponda, mwalimu mstaafu, miaka sabini na mmoja. Seti nzima. Rangi: nyeupe ya kawaida.

Akasoma tena. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayetua yai, akatoka nje na kusimama kwenye ukuta wa karakana ya jirani, cheche za wachomeleaji zikiruka karibu na miguu yake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akimtafuta mtu huyu moyoni. Leo ameletewa, mdomo wazi, hana hata jino moja la kung'atia.

Chihembe, alikozaliwa, ni kijiji cha uwanda mkavu ambako mvua huja kama mgeni asiyependa kulala. Zamani watu walikunywa maji ya lambo, mazito kwa tope, wakigombea na ng'ombe. Kisha ukaja mradi, ukachimba kisima kirefu, maji yakatoka baridi na maangavu, na kijiji kikacheza ngoma siku mbili. Hakuna aliyejua maji yale yalikuwa yamelala na madini chini ya mwamba tangu dunia iumbwe. Wazee waliokulia tope walibaki na meno meupe. Watoto waliozaliwa baada ya kisima yao yakaota na madoa, kwanza meupe kama chaki, kisha ya manjano, mwisho kahawia ya bati lililoliwa na kutu.

Mwalimu Methusela alihamia hapo akitokea Kibakwe, kwenye vilima na chemchemi, naye alikuja na meno kama punje za mahindi machanga. Alikunywa maji ya kisima hichohicho na meno yake hayakubadilika. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Aliwaambia wazazi kwamba tatizo si maji bali uchafu, kwamba watoto wa Chihembe hawajui mswaki. Kila Jumatatu, baada ya kukagua kucha na nywele, aliwatoa mstarini wenye meno ya kutu, akawapanga mbele ya pampu na kuwapa mchanga na mkaa uliotwangwa. Walisugua hadi mate yakawa mekundu, nao wenzao walitakiwa kuhesabu kwa sauti, moja hadi mia.

Emiliana alikuwa darasa la nne. Dada yake Devota alikuwa la sita, na ndiye aliyekuwa na sauti. Shule ilipotarajia mgeni kutoka mkoani, Devota aliongoza ngonjera kwa wiki tatu za mazoezi. Asubuhi ya siku yenyewe mwalimu akamtazama akicheka na wenzake, akamtoa mbele, akampeleka mstari wa nyuma. Maneno aliyomwambia, Emiliana aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Wewe fumba mdomo. Usituaibishe."

Jioni hiyo Devota alifungua betri ya gari iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, akachovya kitambaa katika maji yake, akajisugua. Mtu alikuwa amemwambia kwamba yale maji hutoa kutu. Yalitoa kila kitu. Midomo iliungua, meno ya mbele yakameguka kama chokaa, na hospitali ya wilaya ikayang'oa manane yaliyosalia visiki. Hakurudi shule. Sauti haikufa, ila tangu siku hiyo hakuna aliyeisikia ikiimba.

Miaka ilipopita, Emiliana alikwenda chuo kusomea utengenezaji wa meno ya bandia. Siku moja mkufunzi alionyesha ukutani picha ya kinywa, na Emiliana akadhani amepigwa picha yeye bila kujua. Mkufunzi akaeleza bila haraka kwamba floraidi ikizidi majini huingia katika jino likiwa bado linajijenga ndani ya taya, kabla halijachungulia. Kwa hiyo mtu mzima hunywa meno yake yasidhurike, ya mtoto huota na madoa. Rangi ile haikai juu ya jino, alisema, imo ndani ya gamba lake. Dawa za kung'arisha hufaa kwa madoa mepesi. Mazito huchubuliwa na daktari kwa uangalifu, au hufunikwa. Mchanga hauondoi kitu isipokuwa jino lenyewe.

Darasa zima liliandika. Emiliana peke yake alikaa ameshika kalamu, akihesabu moyoni moja hadi mia.

Daktari Obedi alijitolea mara mbili kumfunika meno yake bila malipo. Emiliana alishukuru akakataa. Alisema anaogopa sindano. Ukweli ni kwamba ushahidi hausafishwi kabla ya kesi.

Na sasa kesi ilikuwa imefika mezani. Alifanya kazi siku sita, na kwa mtu mwingine yeyote angetumia tatu. Alipima nta, akapanga jino baada ya jino, akamimina na kuoka na kusugua hadi fizi za waridi zikateleza kama kokoto ya mtoni. Kisha akafunga mlango, akafungua vichupa vya rangi na kujiwekea kioo mbele. Akafungua mdomo wake, akaanza kunakili. Mstari wa chaki kwenye ncha. Wingu la manjano katikati. Doa la kahawia kwenye jino la pili kushoto, lenye kingo kama ziwa lililokauka. Hakuacha hata moja. Hakuwahi kuyatazama meno yake kwa muda mrefu namna ile, wala hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile, na alipomaliza alijiambia kwamba Mwalimu atacheka mbele za watu akiwa na kinywa cha Chihembe, na yeyote atakayemwona atasema: mzee huyu hajui mswaki.

Alhamisi ya wiki iliyofuata aliyapeleka mwenyewe kliniki. Aliomba abaki, kwa kisingizio kwamba huenda yakahitaji kupunguzwa kidogo.

Mwalimu Methusela alikuwa amesinyaa. Koti lilimning'inia, na mashavu yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu anayenyonya pipi. Emiliana alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba binti yangu bila kumtazama sana. Daktari Obedi alikuwa akizungumza na muuguzi alipoyachukua meno, akayatia kinywani mwa mzee kabla hajayaangalia vizuri. Yalikaa. Kisha mzee akaomba kioo, na daktari akageuka, akaona.

Daktari akamtazama Emiliana, akaelewa nusu, akaanza kuomba radhi: kumetokea kosa, yatarudiwa, mzee asiwe na wasiwasi. Emiliana alikuwa akisubiri uso wa mzee uvunjike.

Haukuvunjika. Mzee alikisogeza kioo karibu na dirisha, akanyanyua mdomo wa juu kwa kidole, akatazama jino moja moja. Alipozungumza, maneno yalikuwa mapya kinywani, yakigongana kidogo.

"Rangi hii naijua. Ni ya Hana."

Hana alikuwa bintiye, aliyezaliwa Chihembe mwaka wa tatu wa kazi yake pale. Mzee alisimulia akiwa bado anajitazama, kana kwamba anamsimulia yule wa kwenye kioo. Alidhani mtoto wa mwalimu atakuwa mfano. Yalipoota na kutu aliona aibu mbele ya wazazi wote aliowahubiria, basi akayasugua mwenyewe, kwa mkono wake, kila asubuhi kabla ya shule, miaka miwili. Hana sasa yuko Mwanza. Mwaka wa kumi na nne huu hajala mezani kwa baba yake.

"Mimi ni Emiliana wa Chihembe," Emiliana alisema. "Mdogo wake Devota. Yule wa ngonjera."

Mzee akamgeukia. Alimtazama usoni kwa muda, akitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepekua sanduku alilolijaza mwenyewe.

"Mlikuwa wengi," alisema hatimaye. "Simkumbuki."

Hapo ndipo Emiliana alipomweleza. Alieleza kitambaa, betri, visiki vinane, mstari wa nyuma. Hakupaza sauti. Mzee alisikiliza hadi mwisho, hakujitetea, na machozi ambayo Emiliana alikuwa ameyaagiza kwa miaka ishirini na mitatu hayakuja. Daktari alipomnyooshea mkono ili ayavue, mzee alifumba mdomo na kutikisa kichwa. Akaagana nao kwa adabu, akaondoka nayo.

Daktari Obedi alisubiri mlango ufungwe, kisha akamwambia Emiliana kwamba angekuwa fundi mwingine, kazi baina yao ingekuwa imekwisha leo. Emiliana alikubali kwamba ni haki. Alitembea hadi barabarani akijihisi kama mtu aliyepiga ngumi kwa nguvu zake zote, akakuta pazia.

Jumamosi alikwenda Nzuguni kwa Devota. Alimkuta barazani na ungo wa karanga mapajani, akachukua kigoda, akaanza kuchambua naye. Alisimulia yote, tangu boksi la viatu. Vidole vya Devota viliendelea kutupa mbovu upande mmoja na nzima upande mwingine.

"Yanambana?" aliuliza mwishoni.

"Hapana. Yamemkaa sawasawa."

Devota alipepeta ungo mara mbili, maganda yakaruka.

"Ungeyafanya yambane kidogo."

Emiliana alicheka, na Devota akacheka, kicheko cha pumzi na ufizi. Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Walipotulia, Devota alifuta macho kwa pindo la kanga. Mara tatu Emiliana alikuwa amejitolea kumtengenezea meno, na mara tatu alikuwa amejibiwa kwamba mtu aliyezoea pengo hapotezi njia ya chakula.

"Na mimi nitengenezee," Devota alisema sasa.

"Rangi gani? Nyeupe, au ya Chihembe?"

Devota aliinamia ungo. Aliokota punje moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaiacha, akaokota nyingine. Jua lilihama kutoka kizingitini hadi miguuni pao, na bado alikuwa akichagua.