Kijito Kwenye Ramani ya Bwana Futi

Ofisini walimwita Bwana Futi, maana hapakuwa na mpima ardhi aliyemzidi kwa usahihi. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Asubuhi moja alipita kwenye ukumbi wa chini, ilikobandikwa rasimu ya mpango mpya wa mji, akasimama kuitazama kama watu wengine. Mji ulikuwa unapanuliwa upande wa mashariki. Penye bonde la upande huo palikuwa pamejaa viwanja mia tatu na stendi ya mabasi, na katikati yake ulipita mstari wa vidotidoti wenye maandishi madogo: korongo kavu. Pembeni, saini yake.

Alisogea karibu, akaisoma mara mbili.

Mpango ulikuwa umechorwa juu ya ramani aliyoichora yeye miaka kumi na tisa iliyopita. Siku ya kupima bonde, jino lilikuwa linamuuma, shavu limefura, na mteremko ni mkali. Alisimama juu ya kilima, akaona nyasi zimekauka, akaweka vidotidoti vyake, akaenda kung'olewa jino. Bondeni hakuwahi kushuka.

Jumamosi alishuka. Kabla hajaona maji aliyasikia. Kijito kilikuwa kinapita katikati ya matete, kimejaa, na hicho kilikuwa kiangazi cha kutisha. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia mboga alimwazima ndoo ya lita ishirini. Ilijaa kwa sekunde sita.

"Huwa kinakauka?" akauliza.

"Kikauke kiende wapi?" mama akacheka. "Nimeolewa huku nikakikuta, na mama mkwe naye alikikuta. Kinaishia bwawani, huko mnakokunywa nyie wa mjini."

Bwana Futi alikaa kwenye jiwe. Aliona viwanja mia tatu, vyoo mia tatu, mafuta ya mabasi, vyote vikiteremka kuelekea kwenye bomba la jikoni kwake.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza huku akishona, mguu hautoki kwenye pedeli ya cherehani.

"Naweza kuandika kwamba mvua zimebadilika," Bwana Futi alisema. "Kwamba chemchemi imezuka juzijuzi. Nani atajua?"

Cherehani ikanyamaza.

"Chemchemi ya juzijuzi yenye matete marefu kuliko wewe? Mficha uchi hazai, mume wangu. Na wewe umebakiza miezi minne tu ya kuzaa."

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Jumatatu alibisha mlango wa mkurugenzi wa mipango miji. Mama huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Alipoanza kazi, ni Bwana Futi aliyemfundisha kusoma ramani, na hadi leo mkurugenzi alimwita mwalimu.

"Karibu, mwalimu. Mbona umevaa uso wa msiba?"

Bwana Futi hakukaa. Alitandaza vipimo vyake mezani, akasema yote kwa pumzi moja: jino, kilima, vidotidoti. "Sikushuka bondeni, mkurugenzi. Nilichora nisichokiona. Kosa ni langu, la mwingine halimo."

Mkurugenzi alifunika uso kwa viganja. Bwana Futi alidhani analia. Alipoiondoa mikono, alikuwa anacheka, macho yamemlowa kweli.

"Mwalimu, umeniponya! Miezi mitatu sina raha. Ile mistari ya mwinuko ilikuwa inanikataa. Bonde la umbo lile halikosi maji. Nikawaambia wenzangu twende tukakague, wakaniuliza: ramani imesainiwa na nani? Wakiona saini yako, mjadala umekwisha. Nani abishane na Bwana Futi?"

Bwana Futi akaketi bila kuambiwa.

"Kumbe sifa zangu ndizo zilizotaka kuwanywesha watu maji machafu," akasema.

"Muda wa maoni unakwisha Ijumaa," mkurugenzi alijibu, kalamu tayari mkononi. "Mpaka leo nimepata maoni mawili. Mmoja anataka mtaa uitwe kwa jina la babu yake, mwingine anauliza choo cha stendi kitakuwa upande gani. Lako ni la tatu. Liandike."

Kwenye kikao cha baraza, diwani wa kata ile alisimama amekunja uso, maana alishawaahidi watu stendi.

"Mzee, unatuambia ulikosea, au unatuambia umezeeka?"

"Nilikosea kabla sijazeeka, mheshimiwa. Uzee ndio ulionirudisha kuangalia."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na diwani mwenyewe akashindwa kujizuia. Mkurugenzi alipoonyesha kwamba uwanja wa kiwanda cha zamani cha matofali, ndani ya kata hiyohiyo, unatosha stendi na barabara tayari ipo, diwani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ikakubaliwa pia kwamba mita sitini kila upande wa kijito zibaki miti na nyasi, na viwanja vilivyoangukia humo vihamishiwe juu kilimani. Havikuwa vimegawiwa kwa mtu.

Mama wa mboga aliambiwa asogeze matuta yake nyuma, nje ya mita hizo sitini. Aliguna, akasema angejua asingeazima ndoo, kisha akachukua jembe.

Bwana Futi hakuachwa hivihivi. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Mkewe aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi pale palipoandikwa asirudie.

"Kosa si kosa, kosa kurudia kosa," akasema. "Basi miaka kumi na tisa ijayo, kaa mbali na meno."

Wiki iliyofuata waliteremka wote wawili bondeni, yeye amebeba vigingi vya mpaka wa zile mita sitini, mkewe amebeba nyundo na malalamiko. Walipigilia kigingi cha kwanza juani. Kisha mkewe akavua kandambili, akatia miguu majini, akapiga ukelele.

"Baridi hivi! Na wewe uliandika kavu!"

Bwana Futi akaketi kando yake, akakunja suruali.